Gari la Eduviges Lisilo na Choo

Adui mwombee njaa, husema watu. Nimejaribu. Lakini adui yangu mimi anauza chakula, na tangu nimfahamu sijamwona ana njaa hata siku moja. Anaitwa Eduviges Barragán. Ana mikono minene ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, na kwa miaka mingi gari lake la chakula, jeupe lenye mstari mwekundu ubavuni, lilisimama mkabala na duka langu la kufulia kuanzia asubuhi mpaka wafanyakazi wa ghala la matunda walipomaliza zamu.

Siandiki habari zake kwa mapenzi. Naandika kwa sababu watu wa mji huu wameanza kuisimulia hadithi hii kwa kuitia sukari, wanasema eti mimi na yeye tulipatana. Hatukupatana.

Chanzo cha ugomvi wetu ni vitunguu. Mashine zangu za kukaushia hufyonza hewa kutoka mtaani, na hewa ya mtaani ilikuwa ya Eduviges. Mteja analeta shuka za mtoto mchanga, anaondoka nazo zimekauka vizuri, zinanukia ulimi wa ng'ombe. Nilimwambia asogeze gari. Akaniambia nisogeze duka.

"Doña Tencha," aliniambia, ameegemea dirisha la gari na mwiko mkononi, "nguo inayonukia chakula ni nguo ya mtu anayekula. Wewe kwako kunapikwa nini, mbona unanuka sabuni tu?"

"Huo ni usafi, mama. Hamjawahi kukutana, ndiyo maana huujui."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na tangu siku hiyo ikawa vita. Nilimshitaki kwa maofisa wa mji mara kadhaa, na kesho ningemshitaki tena. Kila mara mkaguzi alikuja, akapima joto la nyama, akafungua friji, akachungulia chini ya sinki, akaondoka na chakula cha mchana kwenye mfuko.

Lakini haki yake nitampa. Eduviges alikuja bonde hili kutoka milima ya Michoacán, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana. Akachuma zabibu, akachuma nyanya, akaona kwamba wachumaji hawana muda wa kupika, akaanza kuwauzia maharage na tortilla, chapati nyembamba za mahindi, kutoka kwenye buti la gari bovu. Mumewe, Nabor, alikuwa dereva wa gari la mikate. Kampuni ilipoliuza gari lile kwa bei ya chuma chakavu, wakalinunua wao na kulitoboa dirisha ubavuni kwa msumeno. Mwaka uliofuata Nabor alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia matunda, hakuinuka. Eduviges akamzika, akavaa nyeusi, na wiki hiyohiyo akafungua dirisha, maana mwanawe Uriel alikuwa bado ananyonya.

Hapo ndipo anapoingia Casimiro Lucero. Wakati huo alikuwa na mgahawa mdogo wa meza chache na uwanja mkubwa wa kuegesha magari usio na magari. Alimwonea huruma mjane, akambeba Uriel kwenye maji ya ubatizo. Kwetu, aliyemshika mtoto wako ubatizoni si rafiki tena. Ni kompadre wako, na wewe kwake ni komadre, na undugu huo haufunguliwi. Ndugu wa tumbo moja mnaweza kutukanana sikukuu nzima huku mnakula sinia moja. Kompadre humtukani, wala humwiti kwa jina tupu. Mkigombana, mnagombana kwa adabu. Bibi yangu alikuwa akisema anayemtukana kompadre wake ardhi humtapika.

Basi Casimiro akampa komadre wake pembe ya uwanja. "Na choo changu," akasema, "ni choo chako."

Mwenye mgahawa wa kuta nne hawezi kujua uzito wa neno hilo. Gari la chakula lina jiko, lina sinki, lina tangi la maji safi na tangi la maji machafu, lina bomba la moshi paani. Choo halina. Na sheria ya huku inasema gari likisimama mahali zaidi ya saa moja, wapishi wake lazima wawe na choo cha jirani, chenye maji na sabuni, kisichozidi futi mia mbili, na mwenye choo atie saini kila mwaka kwamba ameridhia. Hakuna saini, hakuna kibali. Eduviges alikuwa na leseni ya mji, cheti cha upishi, cheti cha zimamoto, na risiti za yadi ambako gari hulala, maana gari la chakula haliruhusiwi hata kulala nyumbani kwa mwenyewe. Vyote alivitundika juu ya jiko, vina madoa ya mafuta. Saini ya choo tu ndiyo hakuwa nayo. Mkaguzi wa zamani alikuwa mtu wetu, anazijua mila: alimwinulia Casimiro kidevu kutoka mbali, Casimiro akaitikia kwa kichwa, basi, mwaka umepita.

Uriel alikua, akawa anapika na mama yake, na yeye shule ilimfundisha kuogopa karatasi. Nilimsikia akimbembeleza. Sikuwa nasikiliza, ila sauti ya Eduviges haihitaji simu.

"Mama, si saini tu? Dakika moja."

"Nimpelekee kompadre wangu karatasi? Nimwambie, sikuamini, hebu andika hapa? Uso wangu nitauweka wapi, Uriel? Huyo amekubeba!"

Na mimi, adui yake, nilimwona ana haki. Sijui mtu hata mmoja wa kwetu ambaye angempelekea kompadre karatasi.

Casimiro akatajirika. Mgahawa ukapata ghorofa, ukapata taa za rangi, naye akapata udiwani katika baraza la mji. Akaanza kutembea polepole kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Mkaguzi wa zamani akastaafu. Akaja mpya, kijana mrefu anaitwa Halvorsen, shingo nyekundu kwa jua, hajui mila yoyote na hataki kuijua. Alifika mchana, foleni ikiwa ndefu, akaomba vyeti kimoja kimoja, mwisho akasema, "Na karatasi ya choo."

"Bosi, hiyo si iko chooni?" mtu mmoja akapaza sauti kwenye foleni. Watu wakacheka, na Eduviges mwenyewe akacheka mpaka akashika ubavu. Kijana hakucheka. Akaeleza. Eduviges akafuta mikono kwenye aproni, akashuka garini, akavuka uwanja kuelekea mlango wa mgahawa, kijana nyuma yake. Mimi nilitoka dukani na kapu la soksi ili nione vizuri.

Casimiro alikuwa amesimama mlangoni tayari, shati jeupe pe.

"Kompadre, niwie radhi kwa usumbufu," Eduviges akasema. "Huyu bwana anataka kusikia kutoka kinywani mwako kwamba choo natumia kwa ruhusa yako."

Casimiro akaweka mkono kifuani. "Komadre wangu. Wewe unaujua moyo wangu."

"Naujua, kompadre. Yeye ndiye asiyeujua. Anataka saini."

"Hapo sasa ndipo pagumu. Mimi ni diwani. Nikikutilia saini wewe, kesho watasema Lucero anapendelea watu wake. Nasema kwa ajili yako, komadre. Sitaki jina lako lichafuke."

"Jina langu mimi?"

"Kata rufaa kwenye baraza. Tutatafuta njia."

Anauma huku anapuliza! Mimi ningemvulia ndala pale pale. Eduviges alisema, "Asante, kompadre," na nikaona mishipa ya shingo imemsimama. Akarudi kwenye gari, Halvorsen akabandika tangazo jekundu kwenye dirisha lake, na yeye akawafukuza wateja kwa matusi kana kwamba wao ndio waliomfungia. Kisha akaniona.

"Na wewe unatazama nini? Umefurahi?"

"Sana," nikamjibu. "Leo shuka zangu zitanuka shuka."

Na nilifurahi kweli. Nililala vizuri wiki ile. Kila mtu alijua kinachomngoja: rufaa ikishindwa, gari lake lingepewa nafasi nje ya mji, kando ya mabwawa ya maji taka, mahali ambapo hata mbwa hapiti kwa hiari yake. Hakuna atakayeendesha gari mpaka kule kula nyama ya shavu huku ameziba pua. Ingekuwa mwisho wa dirisha lile, na Eduviges hajui kazi nyingine, magoti yake hayapandi tena ngazi za mashambani.

Uriel alikuja dukani kwangu, kofia mkononi.

"Doña Tencha, choo chako kiko ndani ya futi zinazotakiwa. Nimepima."

"Nani kakuruhusu upime choo changu?"

"Ningekuomba tu—"

"Mama yako kakutuma?"

"Hapana. Akijua ataniua."

"Basi nenda kabla hajajua. Na mwambie vitunguu vyake vimeniharibia biashara kuliko mabwawa hayo yatakavyomharibia yeye."

Akaenda. Kijana ana adabu, sijui aliitoa wapi.

Siku ya kikao ukumbi wa mji ulijaa. Wanawake wa ghalani walikuja na vile vikofia vya wavu kichwani, na kila aliyetaka kusema aliandika jina mlangoni, maana kila mmoja hupewa dakika tatu kwenye kipaza sauti, kuna taa ya kijani na taa nyekundu. Niliandika langu. Nilikuwa na hotuba kamili kuhusu moshi, na ndani ya mfuko wa nailoni nilikuwa na foronya moja ya ushahidi, madiwani wainuse wenyewe.

Tulipokuwa tunangoja milango ifunguliwe, Uriel alimgusa mama yake begani, akamwonyesha ubao wa matangazo. Pale palikuwa na mchoro wa mgahawa wa Casimiro, ombi la kuweka meza za nje na miavuli. Miavuli ilikuwa imechorwa kwenye pembe ya uwanja, pale pale lilipo gari. Eduviges aliutazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikautazama pia.

Casimiro alitangulia. Akasimama kwenye kiti chake cha diwani, mkono kifuani tena. Akasema huyu mama ni komadre wake, kwamba anampenda kama dada, na kwa sababu ya upendo huo hatapiga kura wala hatashiriki katika shauri hili, haki itendeke. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja karibu nami alifuta machozi. Nikatamani nimpige na foronya.

Kisha Eduviges. Gauni jeusi, miwani, na karatasi aliyoandikiwa na Uriel. Taa ikawaka kijani.

"Kompadre," akaanza. Akakunja ile karatasi.

"Miaka yote hii sikukuletea karatasi kwa sababu niliona aibu. Nilisema, akiiona ataumia. Uriel aliniomba nikamfokea. Kumbe unataka pale pangu uweke meza. Si ungeniambia? Ungekuja dirishani ukasema, komadre, napataka mahali pangu. Ningeondoka siku hiyohiyo, ningekuachia na mwiko. Wewe ukaacha kijana wa watu anibandikie karatasi nyekundu, halafu ukashika moyo."

"Komadre, tafadhali, mbele za watu..."

"Uriel amebatizwa, hilo Mungu halifuti. Lakini mimi na wewe tumekwisha. Usiniite komadre. Mimi naitwa Eduviges. Na wewe unaitwa Casimiro."

Alilitamka jina lile tupu, lote, polepole, bila don ya heshima, bila chochote. Nyuma ya ukumbi mtu alipiga ishara ya msalaba. Uso wa Casimiro ulikuwa umegeuka rangi ya unga mbichi. Mwenyekiti wa baraza, asiyejua lugha yetu, alimgeukia mkalimani. Mkalimani akajikuna, akasema mama amebadilisha namna ya kumwita diwani. Mwenyekiti akamshukuru Eduviges kwa maoni yake, akaita mzungumzaji anayefuata. Ndiye mimi.

Tuelewane. Sikumwonea huruma. Nilikasirika. Mimi nimemchukia yule mwanamke usoni pake, mchana kweupe, kwa sauti ya juu, na hajawahi siku moja kuamka asijue kwamba mimi ni adui yake. Huyu mwenye shati jeupe alimwita dada huku anampimia kaburi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nailoni, na hotuba ya moshi ikanitoka kichwani yote.

"Mimi naitwa Hortensia Quiñones, Tencha kwenu nyote, ninalo duka la kufulia," nikasema. "Huyu mama simpendi, na kila aliyemo humu anajua."

Wakacheka. Hata Halvorsen alicheka mara mkalimani alipomaliza.

"Ananuka vitunguu, ana mdomo mchafu, na siku akifa nitaenda mazikoni kuhakikisha. Lakini nina choo. Kina maji, kina mlango, na kiko ndani ya futi zenu, kimeshapimwa. Na pembeni ya duka nina uwanja. Nileteeni hiyo karatasi nitie saini."

"Doña Tencha," Casimiro akasema, "hebu tulifikirie kwa utulivu..."

"Wewe si umejitoa, Don Casimiro? Kaa chini basi, haki itendeke."

Halvorsen aliulizwa. Akasema saini ikiwepo, na gari likihama kwenye uwanja huo, hana tatizo, hahitaji rufaa wala kura. Karani akaleta karatasi kwenye meza ya pembeni. Eduviges alikuja akasimama mbele yangu, hakuketi.

"Sikukuomba," akasema.

"Wala sijakupa. Tunaandikiana."

"Andika kwamba kutakuwa na sabuni. Na balbu. Duka lako lina giza kama mdomo wa mchawi."

"Na wewe andika kwamba gari litasimama upande wa kusini, bomba la moshi likitazama barabara. Na chungu cha mafuta hakivuki kizingiti changu."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo unaning'inia ndani. Utabisha hodi."

Tulibishana kila mstari mpaka karani akaanza kutazama saa yake. Tukatia saini. Hakusema asante, na angesema ningempasulia karatasi.

Zamani bomba la gari lilitazama mashine zangu, sasa linatazama barabara, na upepo wa hapa hutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Shuka zangu sasa zinanuka shuka, na moshi wote wa Eduviges huvuka barabara kwa utaratibu na kutua kwenye meza mpya za Casimiro, chini ya miavuli. Sikulipanga hilo. Lakini sikulala macho wazi kwa kulijutia.

Halafu Casimiro akaja. Mchana, foleni ndefu, peke yake, kofia mkononi. Watu wakataka kumpisha, akakataa, akasogea taratibu kama mchumaji yeyote mpaka dirishani. Nilikuwa nje nafagia.

"Komadre," akasema kwa sauti ya chini.

"Kuna shavu, ulimi na utumbo."

"Nimekuja tuzungumze. Nakuomba."

"Watu wana nusu saa tu ya kula. Shavu, ulimi, utumbo?"

Akainamisha kichwa. "Ulimi."

Eduviges akachukua kalamu. Huandika jina la kila mteja kwenye kipande cha karatasi ili amwite nyama ikiwa tayari. "Jina?"

"Unalijua jina langu."

"Jina?"

"Casimiro."

Akaandika. Casimiro akasogea pembeni akangoja miongoni mwa watu wa ghalani, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Nyama ikaiva. Eduviges akatoa kichwa dirishani, akaita kwa sauti ileile anayowaitia wote, "Casimiro! Tortilla mbili za ulimi!"

Alichukua sahani. Alikula amesimama, kila kitu, mchuzi ukamdondokea kwenye shati jeupe, na hakuna aliyecheka. Kisha akaweka sahani kwenye pipa, akavaa kofia, akavuka barabara.

Eduviges akampa Uriel mwiko. Akashuka, akaingia dukani kwangu bila kubisha hodi, kinyume cha karatasi, akapitiliza chooni na kujifungia. Bomba likafunguliwa. Nilikuwa nakunja taulo. Maji yakaendelea kutiririka, na ukuta wa choo changu ni mbao nyembamba tu, kila kitu husikika. Alikuwa akilia kama nilivyomsikia mara moja tu, siku walipomleta Nabor. Mteja wangu mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye kapu lake, akanitazama, akafungua mdomo aulize. Nikaenda kwenye mashine kubwa ya kukaushia, ile yenye kelele kuliko zote, nikaiwasha tupu.

Iliendelea kuzunguka mpaka mlango wa choo ulipofunguliwa. Eduviges alitoka, macho mekundu, uso umelowa, akasimama mbele yangu akitafuta neno la kunitukania.

"Sabuni yako inachoma macho," akasema.

"Ni ya bei rahisi," nikamwambia. "Kesho nitaweka nyingine."

"Iweke," akasema, akarudi garini.